Safari ya kuzamia Mafia: anzeni na mwezi, boti baadaye

Safari ya kwanza ya klabu yetu ya kuzamia kwenda kisiwa cha Mafia tuliipanga kama watu wa ofisini. Tuliangalia sikukuu imeangukia siku gani, nani kapewa ruhusa, nani mshahara wake umeingia. Tukafika Utende, kijiji cha Mafia tunakoanzia kuzamia, bamvua limekolea, siku moja baada ya mwezi mpevu, na kwa siku tatu tukawa tunashuka kwenye maji yanayokimbia kama mto wa masika. Kila mtu alikuwa anapigana na mkondo. Matumbawe tuliyapita kama unavyopita nyumba za watu ukiwa ndani ya basi. Jioni ya mwisho nilikwenda kumwamkia mjomba wangu, mzaliwa wa Jibondo, aliyevua kwenye maji hayo tangu akiwa na miaka tisa. Nilipomaliza kumsimulia aliniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, kwani mwezi hamkuutazama?"

Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari, Dar es Salaam. Klabu yetu ina watu 11, na tangu safari ile tumerudi Mafia mara sita, kila mara kwenye mwamba ule ule wa Ghuba ya Chole. Haya ninayoandika ni utaratibu wetu kama ulivyo sasa, kwa yeyote anayetaka kukusanya wenzake washuke wakaujue mwamba.

Kupanga tarehe

Chukueni kalenda yenye tarehe za Kiislamu, ile inayotundikwa dukani. Mwezi unapoandama na unapotimia, yaani karibu na tarehe 1 na tarehe 15, kuna bamvua: maji hupwa mbali na kujaa sana, na tofauti ya kupwa na kujaa katika pwani yetu hupita mita 3. Maji yote hayo lazima yapite mahali. Ghuba ya Chole imezingirwa na kisiwa kikuu cha Mafia upande mmoja, na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo upande wa pili, na mlango wake mkubwa wa kutokea bahari kuu ni Kinasi. Siku za bamvua mlango ule unavuta. Karibu na tarehe 7 na 8, na tena 22 na 23, ni maji mafu. Mkondo umelegea, na hata mtu mgeni wa kuzamia anaweza kukaa mbele ya tumbawe moja dakika kumi bila kunyang'anywa nafasi yake.

Kuna jambo la pili, nalo ni maji yanaelekea wapi. Yakiwa yanajaa, yanayoingia ghubani ni maji ya bahari kuu, safi, unaona mbali. Yakiwa yanapwa, hutoka na tope la mikoko na vumbi lote la ghuba, mwenzako aliye mita chache mbele humwoni, tena yanakusukuma nje. Kwa hiyo sisi tunashuka maji yakijaa, basi. Hapo ndipo maji mafu yanapozidi kufaa: siku za bamvua maji hufikia ukomo wa kujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, lakini siku za maji mafu hufikia ukomo karibu saa nne. Ukiingia majini saa mbili na nusu asubuhi unapata maji yanayoingia taratibu na jua linalopanda. Saa kamili ya siku hiyo mtapewa na nahodha, maana maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku.

Upepo nao. Kusi likivuma, tangu Mei hadi Septemba, nje ya Kinasi kunachafuka na mtabaki ndani ya ghuba. Machi hadi Mei ni masika. Sisi tunakwenda Oktoba au Novemba, wakati wa maleleji, kusi limechoka na kaskazi halijashika. Miezi hiyo papa potwe huanza kuonekana upande wa Kilindoni, unaotazamana na delta ya Rufiji, ambako maji yana ukungu na chakula chake ni kingi. Huyo haendewi na mtungi wa hewa. Mnamtazama mkiogelea juu kwa miwani na mapezi, mkiwa mbali naye, bila kumgusa.

Kabla ya kuondoka Dar

Wengi wetu tuliokulia pwani hatujui kuogelea, wanawake hasa. Mimi nilijifunza nikiwa na miaka 31, kwenye bwawa, nimeshikwa tumbo kama mtoto. Anzieni hapo na msione haya. Kozi ya cheti cha kwanza, kinachoitwa Open Water, itawadai muogelee mita 200 bila kusimama na muelee dakika 10 papo hapo, kisha mizamio minne ya baharini pamoja na mwalimu. Watoto wanakubaliwa kuanzia miaka 10. Cheti hicho kinamruhusu mtu mzima kwenda hadi mita 18, na kwa matumbawe kina hicho kinatosha kabisa. Rangi na uhai mwingi viko juu, kwenye mwanga. Asiye na cheti anaweza kuonjeshwa akiwa mkononi mwa mwalimu, asizidi mita 12.

Mambo ya presha ya maji sisi tulifundishwa na fundi wa friji. Ni mwanachama wetu, na alitupanga sote sebuleni kwangu akiwa na geji zake za kazini. Juu ya maji, alisema, tunabeba uzito wa hewa, hiyo ni moja. Kila mita 10 unazoshuka unaongeza moja nyingine. Kwenye mita 10 ni mbili, kwenye mita 20 ni tatu. Kwa hiyo pumzi moja ya kwenye mita 20 inakula hewa ya mtungi mara tatu ya ile ya juu, na ndiyo maana mtungi uliodhani ni wa saa nzima unakwisha mapema. Kisha akapuliza puto, akalifunga, akasema: hili ni pafu lako kwenye mita 10. Ukipanda hadi juu umebana pumzi, hewa iliyomo inakuwa mara mbili. Ndiyo sababu kanuni ya kwanza ya kuzamia ni kuendelea kupumua muda wote, na kupanda polepole, isizidi mita 9 kwa dakika, na kusimama dakika 3 kwenye mita 5 kabla ya kutoka. Hakuna aliyesahau puto lile.

Fomu ya afya ijazwe kwa ukweli. Pumu, moyo, kifafa, masikio, ujauzito, yote yaandikwe, na penye shaka daktari aseme. Mafua pia. Mmoja wetu alificha mafua kwa sababu alikuwa ameshalipa. Kwenye mita 4 masikio yalikataa kuzibuka, akalazimisha, na alipotoka miwani yake ilikuwa na damu. Alipona, lakini safari yake iliishia hapo. Tangu siku hiyo muuguzi wetu anakaa na kila mtu asubuhi ya kuzamia, anamwambia abane pua na kupuliza kwa upole mbele yake. Sikio lisipozibuka, hushuki, na fedha yako ya mzamio huo inalipwa na mfuko wa klabu. Wekeni mfuko huo. Bila mfuko, watu wataendelea kuficha.

Kituo cha kuzamia waulizeni bei ikiwa na kila kitu: vifaa, boti, mwongozaji, na ada ya kila siku ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, inayolipwa mnapoingia Utende. Wananchi wana kiwango chao, hivyo bebeni vitambulisho. Waulizeni boti ina oksijeni ya huduma ya kwanza au haina, na mzamiaji aliyedhurika na presha ya maji anapelekwa wapi. Halafu ulizeni swali la nanga. Katika safari yetu ya pili boti tuliyokodi ilitupa nanga juu ya matumbawe ya matawi. Nilikuwa nimeshashuka, nikaiona ikiburuta, na matawi yanakatika kwa sauti kavu kama vijiti vya kuni. Palibaki njia nyeupe ndefu kuliko chumba changu cha kulala. Hadi leo nikiikumbuka nasikia uchungu. Sasa tunataka kusikia kabla ya kulipa: mnafunga kwenye boya, au boti inabaki inaelea na kutufuata? Jibu likiwa jingine, tunatafuta boti nyingine.

Kila mtu ashuke na swali lake

Hili ndilo lililobadilisha safari zetu kuliko lolote. Usiku wa kwanza Utende, kila mtu anaandika swali moja kwenye kibao cha plastiki cha kuandikia majini. Liwe swali ambalo macho yanaweza kulijibu ndani ya dakika 40. Muuguzi aliandika: pono anauma wapi, kwenye tumbawe hai au lililokufa? Alimfuata pono mmoja kwa mbali na kuchora alama kila alipouma. Karibu alama zote ziliangukia kwenye miamba iliyokufa, yenye utando wa mwani. Jioni ile alielewa mwenyewe, bila mimi kumfundisha, kwamba yule samaki wa kijani na buluu tunayemnunua soko la samaki la Feri ndiye anayekwangua mwani na kuacha nafasi safi ambapo tumbawe changa linaweza kushika. Mchanga mweupe aliokuwa amepiga magoti juu yake kwenye mafunzo, sehemu yake kubwa umepita tumboni mwa pono.

Fundi wa friji swali lake ni joto, kila safari. Anaandika nyuzi kutoka kwenye kompyuta ya kuzamia, ile ya kuvaa kama saa, kila mita 5. Mwanzoni nililiona ni swali kavu. Sasa daftari lake ndilo la kwanza ninalolifungua, kwa sababu ya hiki ninachoeleza.

Tumbawe ni mnyama. Ni wanyama wadogo sana wanaoishi pamoja kwa maelfu, kila mmoja na mdomo wake na minyiri kuuzunguka, wakijijengea nyumba ya chokaa chini yao. Ndani ya nyama yao wamewahifadhi mwani wadogo wasioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa jua na kuwalisha wenyeji wao. Rangi nyingi unazoziona ni za mwani hao. Joto la bahari likizidi lile la juu kabisa lililozoeleka mahali hapo, hata kwa nyuzi 1 tu, na likakaa wiki kadhaa, urafiki huo unavunjika na mwani wanatolewa. Tumbawe linabaki jeupe. Hapo bado lipo hai, lina njaa. Joto likishuka mapema, linaweza kurudi. Likikaa, linakufa, na mwani wa nje wanalifunika.

Mwaka 1998, wakati wa El Nino, ndivyo ilivyokuwa Mafia. Sehemu kubwa ya matumbawe ya mwamba wa Tutia, kusini, yalikufa. Mjomba ananiambia walipita juu yake na mashua, maji shwari, na chini kulikuwa kweupe kama mtu amemwaga chokaa. Joto lilirudi tena 2016, na mwezi Aprili 2024 wanasayansi wakatangaza kwamba matumbawe ya dunia yameingia katika weupe wa nne wa dunia nzima tangu kumbukumbu zianze.

Kwa kupima rangi tunatumia kadi ya CoralWatch, mradi wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ulioanza 2002. Ni kadi ya plastiki yenye vivuli vya rangi vyenye namba kuanzia 1, ambacho ni cheupe, hadi 6, ambacho kimeiva. Unaisogeza karibu na tumbawe bila kuligusa, unatafuta sehemu yake iliyofifia zaidi, unaandika namba. Kisha sehemu iliyoiva zaidi, unaandika. Bebeni tochi, kwa sababu rangi nyekundu humezwa na maji ndani ya mita chache za mwanzo na macho yatakudanganya. Namba ya siku moja haisemi mengi. Ukirudi mwaka unaofuata kwenye tumbawe lile lile ukakuta imeshuka kwa mbili, hapo umepata habari. Waelezeni askari wa hifadhi mnachofanya kabla hamjaanza; sisi walitupokea vizuri, na mmoja akaomba kadi yake.

Sisi tuna tumbawe moja tunaloliita Bibi. Ni la mviringo, la rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, lina kimo cha mita 2 hivi na liko kwenye mita 11. Matumbawe ya aina yake huongezeka karibu sentimita 1 kwa mwaka, kwa hiyo Bibi ana kama miaka 200. Upande wake wa mashariki ana kovu la ukubwa wa sinia, na pembeni mwa kovu kuna ukingo mpya, laini, unaosogea ndani kidogo kidogo. Nimelipima kovu hilo kwa macho mara sita. Linazidi kuwa dogo.

Mwendo wa chini

Jifunzeni kuelea kabla ya kukaribia mwamba. Mtu mwenye risasi nyingi kiunoni, yaani vile vipande vizito vya kumsaidia kuzama, huzama miguu, hupiga mapezi wima, na kila pigo linamwaga mchanga juu ya midomo ile midogo. Mzamio wetu wa kwanza kila safari tunaufanya juu ya mchanga mtupu: lala mlalo, mikono kifuani, pumua, uone pumzi inavyokupandisha na kukushusha. Anayegusa mchanga mara tatu hapandi mwambani siku hiyo, na hilo linanihusu hata mimi ninayeongoza.

Ishara rudieni botini. Gumba juu maana yake tunapanda. Kuwa salama ni duara la gumba na kidole cha shahada. Geji ya hewa ya mtungi ikisoma bar 100 mnageuka, ikifika 50 muwe tayari juu. Glovu tumepiga marufuku, maana mwenye glovu hushika. Badala ya kujipaka mafuta ya kuzuia jua, vaeni nguo ya mikono mirefu. Wanawake wetu kadhaa huvaa na kofia ya kuzamia juu ya mtandio wa kuogelea na hakuna tabu yoyote.

Kiti cha pweza chenye miiba mukikiona, kiandikeni na mahali mlipokiona, msikikatekate. Huyo hula matumbawe, na wakiwa wengi ni jambo la kuwaambia watu wa hifadhi.

Waliokwisha kupata mizamio ya kutosha, wazamie usiku mmoja, ndani ya ghuba, maji mafu, wasizidi mita 10. Usiku ndipo matumbawe mengi hutoa minyiri yake kukamata chakula, na jiwe uliloliona mchana likiwa gumu linakuwa na manyoya. Na usiku ndipo nilipoelewa usemi niliokua nao. Nyumbani, mtoto akilala asiamke kwa kelele, mama alisema amelala usingizi wa pono. Tulimkuta kwenye mwanya, kwenye mita 9, ameegemea ubavu, macho wazi. Amejizungushia utando mwepesi wa ute alioutoa mwenyewe mdomoni kabla ya kulala, mwangavu, chembe za mchanga zimenasa juu yake kama vumbi kwenye chandarua. Si pono wote wanaojifunika hivyo, huyu alijifunika. Tukaelekeza tochi pembeni, tukakaa. Mashavu yake yalikuwa yanafunguka na kufunga polepole. Nilimfikiria marehemu mama, ambaye hakuwahi kuingiza uso wake majini, na wale wavuvi wa zamani waliokuwa wameshayaona haya wakayaacha kwenye lugha.

Siku ya mwisho

Baada ya mizamio ya siku kadhaa msipande ndege kabla ya saa 18 kupita, hata kama ndege ni ndogo na Dar ni nusu saa tu. Wanaorudi kwa kivuko cha Kilindoni hadi Nyamisati, halafu basi hadi Mbagala Rangi Tatu, hawana shida hiyo.

Siku hiyo ya kusubiri tunaitumia Juani, kwenye magofu ya Kua. Mji ule uliachwa mwanzoni mwa karne ya 19. Pitisheni viganja kwenye kuta za misikiti: ni mawe ya matumbawe, yameunganishwa kwa chokaa iliyochomwa kutoka kwenye matumbawe. Baadhi ya mawe bado yana vitundu vidogo vya nyota, nyumba za wale wanyama. Wanafunzi wangu niliowapeleka waliacha kunisikiliza wakabaki wanavihesabu, nami nikawaacha. Wakati watu wa Kua wanafunga milango yao, Bibi huenda alikuwa na ukubwa wa ngumi.

Jioni tunakaa barazani kwa mjomba na vibao vyetu. Kila mtu anasoma swali lake na alichokiona, na mjomba anasikiliza hadi mwisho ndipo aongeze la kwake: mwamba gani ulikuwa na samaki changu, mwaka gani baruti za kuvulia zilisikika, wapi matawi yameota upya. Ninaandika yote, ya vibao na ya mjomba, kwenye daftari moja. Safari hii iliyopita, kabla sijafungua ukurasa, alinyoosha mkono akaomba asomewe joto la kwenye mita 15, kisha akauliza kovu la Bibi limefika wapi. Nikamwonyesha kwa viganja viwili. Akavisogeza karibu kidogo, akasema mwakani nije tarehe 21 ya Mfunguo Nane, maji yatakuwa mazuri.